Somo: Jeni ya panya iitwayo Zif268 na jinsi inavyoongoza unukuzi

Wiki iliyopita, tulipokutana Chiromo, wengi walikwama mahali pamoja: waliulizwa protini ya Zif268 inaongozaje unukuzi, yaani kunakiliwa kwa DNA kuwa RNA, wakajibu kwamba inashika DNA. Kushika ni mwanzo tu wa kazi, na nimeandika somo hili ili tuione kazi yenyewe. Tafadhali chukueni kalamu na karatasi.

Hatua ya kwanza: tambua majina. Ukisoma Egr1, Krox-24 au NGFI-A, jeni ni hiyo hiyo, na kwa panya iko kwenye kromosomu ya 18.

Hatua ya pili: chora kidole kimoja cha zinki, yaani sehemu ya protini inayoshika DNA. Ni kipande cha asidi amino zipatazo 30, ambamo sisteini mbili na histidini mbili huibana ioni moja ya zinki. Zinki haiigusi DNA. Inakishikilia kidole kisikunjuke, ili sehemu yake iliyojisokota iingie vizuri katika mfereji mpana wa DNA.

Hatua ya tatu, ambayo naomba msiiharakishe: andika GCGTGGGCG, mfuatano wa herufi za DNA ambao Zif268 huushika, kisha uikate herufi tatu tatu. Protini ina vidole vitatu, na kila kimoja husoma kipande kimoja. Muundo wa fuwele uliochapishwa mwaka 1991 na Nikola Pavletich na Carl Pabo ulionyesha kwamba mpangilio umegeuka: kidole cha kwanza hukalia GCG ya mwisho, na cha tatu hukalia GCG ya mwanzo. Kwa hiyo andika 3, 2, 1 juu ya herufi zako. Arginini, ambazo nazo ni asidi amino, ndizo hasa zinazoshika G, ila ile G ya katikati katika TGG hushikwa na histidini ya kidole cha pili.

Hatua ya nne: toka nje ya vidole. Sehemu ndefu inayovitangulia ndiyo inayochochea unukuzi, na kati yake na vidole kuna kipande kifupi ambacho protini za NAB1 na NAB2 hukinasa ili kuupunguza uchochezi huo. Jibu la swali la Chiromo limo hapa.

Hatua ya tano: tazama saa. Seli zilizonyimwa seramu, yaani majimaji ya damu yanayozichochea kukua, zikirudishiwa, RNA ya Zif268 hupanda ndani ya dakika chache kisha hushuka, na hakuna protini mpya inayohitajika kwanza.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Kasarani: Mwalimu, mfuatano huo uko mahali pengi. Mbona jeni zote haziwaki?*

Sehemu kubwa ya DNA imefungwa kwenye histoni, yaani protini ambazo DNA huzizunguka, na hata palipo wazi Zif268 huhitaji wenzake. Katika tezi ya pituitari, kwa mfano, hushirikiana na SF-1, protini nyingine inayoongoza unukuzi, kuwasha jeni ya kijenzi cha beta cha LH, homoni ya uzazi. Panya jike asiye na Zif268 hukosa kijenzi hicho na huwa tasa.

*Mwanachama wa Umoja: Nikiikuta kwa wingi ubongoni, niandike kwamba panya amejifunza?*

Hapana. Andika kwamba niuroni, yaani seli za neva, zimeamshwa. Ni kweli kwamba panya wasio na jeni hii hukumbuka kwa muda mfupi, na kumbukumbu ya muda mrefu ndiyo inayoharibika, lakini niuroni huamshwa na mambo mengi, na kujifunza ni mojawapo tu.

*Mwanachama wa Kibra: Binadamu anayo?*

Anayo, kwenye kromosomu ya 5, na inasoma herufi zile zile tisa.