SOMO: Vipimo vya kujua kisukari chako ni aina gani (soma yote ndipo uulize)

Wakuu, mwangaluka. Wiki hii peke yake nimeulizwa mara saba: "Sukari yangu ilikuwa 19, hiyo ni aina ya kwanza au ya pili?" Naandika mara moja, atakayerudia nitamtupia uzi huu. Mimi si daktari. Nimemuuguza mdogo wangu, mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, Mwanza, na mabenchi ya maabara nayajua kuliko nilivyoyajua madawati ya shule.

HATUA YA 1. Hakikisha kisukari kipo. Kabla ya kula chochote, sukari ni milimoli 7.0 kwa lita au zaidi. Saa yoyote ni 11.1 au zaidi ukiwa na dalili zake (kiu, mkojo kila saa, kukonda). HbA1c, ile ya wastani wa sukari wa miezi mitatu, ni asilimia 6.5 au zaidi. Huna dalili? Kipimo kimoja hakitoshi, rudia. "Kabla ya kula" maana yake hata michembe miwili na chai ya rangi hapana. Na huku kwetu Kanda ya Ziwa sikoseli imejaa: mwenye sikoseli, mwenye upungufu wa damu au aliyeongezewa damu karibuni, HbA1c inaweza kumdanganya, amwambie daktari mapema. Namba zote hizi zinasema kisukari kipo. Aina hazitaji.

HATUA YA 2. Ketoni kwenye mkojo (tindikali ambayo mwili huitoa ukichoma mafuta kwa kukosa insulini): stripi, dakika moja, umemaliza. Zikiwa nyingi na mtu anatapika au anahema kwa nguvu, mkimbize hospitali, habari ya aina itasubiri.

HATUA YA 3. Kingamwili. Kwenye aina ya kwanza, askari wa mwili wenyewe huzigeukia chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, ile homoni inayoshusha sukari. Kwenye aina ya pili insulini bado hutoka, ila mwili hauisikii vizuri. Maabara inatafuta nyayo zao: GAD, IA-2, ZnT8. Kwa mtu mzima huanza na GAD. Huhitaji kufunga kula. Ipo na ya kingamwili za insulini yenyewe, lakini ukishachoma sindano wiki mbili hivi haina maana tena, kwa sababu mwili hujibu hata insulini ya chupa.

HATUA YA 4. Si-peptaidi. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo tulieni.

Kongosho hutengeneza kamba moja ndefu, kisha huikata: upande mmoja insulini, upande mwingine kipande kinachoitwa si-peptaidi, sawa kwa sawa. Ni kama kuhesabu mapanki, yale mifupa ya sangara aliyetolewa minofu, nje ya kiwanda: panki moja, sangara mmoja amepita ndani. Insulini ya sindano ni minofu ya kununua, haiji na panki. Ndiyo maana hata anayechoma sindano kila siku anaweza kupimwa tukajua kongosho lake bado linafanya kazi kiasi gani.

Mdogo wangu alilazwa na sukari 31, ketoni tele. Siku ya tatu, sukari bado 22, nikashikilia apimwe si-peptaidi, tena kwenye maabara niliyoichagua mwenyewe. Chupa ya damu ikakaa dirishani tangu saa nne asubuhi hadi jioni ikisubiri kusafirishwa Dar es Salaam. Sukari ya saa ile hakuna aliyeiandika. Jibu likarudi chini kabisa. Nikaitisha kikao cha ukoo Igoma, nikatangaza aina ya kwanza, sindano hadi kaburini. Mama alilia usiku kucha. Dogo akauza hisa yake ya mtumbwi. Miezi kadhaa mbele, dozi ileile ikawa inamshusha mpaka 3, anatetemeka katikati ya mnada. Daktari wa kliniki akashtuka, akarudia: si-peptaidi 900 na kitu, sukari pembeni 7.8, GAD hasi. Kongosho lilikuwa limezimia kwa wingi wa sukari. Mimi nikalizika likiwa hai.

Kwa hiyo:
– Usipime ndani ya wiki mbili baada ya dharura ya sukari.
– Sukari ipimwe saa hiyohiyo na iandikwe kwenye karatasi moja. Sukari ikiwa 3, si-peptaidi ndogo ni kawaida, kongosho limepumzika.
– Uliza damu itasubiri wapi. Chupa ya kifuniko cha zambarau huvumilia siku nzima. Ile ya kutenganisha maji ya damu inataka ishughulikiwe haraka na igandishwe.
– Figo zikifeli, si-peptaidi hupanda, maana figo ndizo zinazoitoa.
– Chini ya pikomoli 200 kwa lita, insulini ya mwili imepungua mno. Zaidi ya 600, kongosho bado lina nguvu. Lakini usomaji huo unaaminika zaidi baada ya miaka mitatu ya ugonjwa. Mwanzoni hata aina ya kwanza huwa na akiba.

HATUA YA 5. Karatasi zote kwa daktari, siku moja, bahasha moja.

MASWALI

Jembe la Buhongwa: Mkuu yangu 16 asubuhi, ni aina gani?
– Hatua ya 1, sentensi ya mwisho.

Mtoto wa Pasiansi: Asante kwa somo. Nimesimamisha sindano tangu juzi ili kipimo kisivurugwe.
– Ni wapi nimeandika usimamishe? Nenda hospitali leo, usisubiri kesho, wakupime na ketoni. Sindano haivurugi si-peptaidi, nimeeleza kwa minofu na mapanki kabisa.

Kauzu Halisi: Wewe si daktari halafu umemtoa mdogo wako kwenye insulini. Hatari hii.
– Sikumtoa mimi. Daktari alipunguza taratibu kwa wiki sita, tunapima asubuhi na usiku, akahamia vidonge. Nimeandika makosa yangu hadharani, soma tena bila hasira.

Mama Wawili: Kaka, majibu yangu yanasema 1.2 na wewe unasema chini ya 200. Nimekwisha?
– Pole dada, hujakwisha. Angalia pembeni ya namba. Yako ni nanogramu kwa mililita. Moja ni kama pikomoli 331, kwa hiyo una karibu 400, katikati. Una miaka mingapi na ugonjwa, na sukari saa ile ilikuwa ngapi?

Mama Wawili: Mwaka mmoja. Sukari hawakupima.
– Basi ni nusu ya jibu. Omba warudie vizuri na waongeze GAD.

Binti Ukara: Nasoma uuguzi. Tuna mtoto wa miaka 12, mwembamba, anatumia insulini, GAD imerudi hasi. Aandikwe aina ya pili?
– Wabeja kwa swali. Hapana, usikimbilie huko. Utafiti wa vijana wa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini uliotoka 2025 ulikuta karibu theluthi mbili ya walioitwa aina ya kwanza hawana kingamwili hizo, na bado insulini wanaihitaji. Hasi haifuti aina ya kwanza, hasa huku kwetu. Mwulizeni daktari kuhusu IA-2, ZnT8 na si-peptaidi. Ulizeni pia historia ya nyumbani: kama bibi, mama na mtoto wote walianza vijana, kuna aina inayorithiwa kwa jeni moja. Na kama mtoto alikuwa na utapiamlo mkali, Aprili 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari liliutambua ugonjwa wa njia hiyo kama aina ya tano. Insulini isiguswe mpaka daktari aseme.

Binti Ukara: Nimeelewa. Swali la pembeni, kwao hakuna friji.
– Vyungu viwili, kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga mbichi, juu kitambaa chenye maji, kivulini penye upepo. Insulini ikae kwenye kopo kavu lenye mfuniko.

Jembe la Buhongwa: Sisi baba huiweka kwenye kasha la barafu la samaki.
– Hapo umesema cha maana. Insulini ikishaganda imekufa, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Itupeni, fungueni mpya. Iliyogusana na barafu msiiamini.

Mama Wawili: Chungu cha kupikia kinafaa?
– Hapana dada, kimeshiba mafuta, hakitoi jasho. Nunua kipya, kisichopakwa rangi.