Pawa saplai ya kifaa cha zamani: pima kwanza, kapasita baadaye

Anayeniletea oskiloskopu (kifaa kinachoonyesha mawimbi ya umeme kwenye kioo) ya miaka ya 1970 iliyozima mara nyingi huja na mfuko wa kapasita mpya, yaani vipuri vinavyohifadhi chaji ya umeme. Namwomba auweke kando. Ukizibadilisha zote kwa mpigo, moja ikikaa kinyume au njia ya shaba ikibanduka kwenye bodi, unakuwa na hitilafu mbili na hujui ipi ilitangulia.

Chomoa plagi. Kapasita kubwa za filta, zinazolainisha volti ndani ya pawa saplai, hubaki na chaji, kwa hiyo zimwage kwa rezista ya kilo-omu moja hadi kumi yenye wati kadhaa, kisha pima uhakikishe. Usitumie bisibisi. Na nyuma ya kioo cha CRT, yaani bomba la picha, kuna maelfu ya volti. Kama kazi yako haiko huko, mkono usifike.

Tazama fyuzi. Kioo chake kikiwa cheusi au kimepakwa rangi ya fedha, kulikuwa na shoti kubwa. Waya ukiwa umekatika tu katikati, huenda fyuzi imechoka. Angalia pia kama kiteuzi cha volti kimewekwa kulingana na umeme wako. Karibu na soketi ya umeme kunaweza kuwa na kapasita ya karatasi yenye ganda la rangi ya asali. Ganda likiwa na nyufa, itoe kabla ya kuwasha, uweke mpya ya daraja la X2, la usalama kwa kapasita zinazokaa moja kwa moja kwenye umeme wa ukutani. Hiyo peke yake naibadilisha bila kupima.

Washa mara ya kwanza kupitia balbu ya waya ya wati 60 iliyofungwa mfululizo na kifaa. Ikimulika kisha ikafifia, endelea. Ikiendelea kuwaka kwa nguvu, zima: kuna shoti. Usihukumu volti balbu ikiwa bado ipo, maana yenyewe inazishusha.

Balbu ikishatoka, fungua kitabu cha huduma upime kila laini, yaani kila volti inayotolewa na pawa saplai. Katika vifaa vingi vya enzi hizo laini moja ndiyo rejeo la nyingine, yaani nyingine hujipanga kwa kuifuata, hivyo anza nayo. Ikiyumba, zote zinayumba na utawaonea wasio na kosa. Kisha tazama mawimbi yaliyobaki juu ya volti. Umeme wa hezi 50 ukipita daraja zima la daiodi hutoa mawimbi ya hezi 100. Yakiwa makubwa, kapasita ya filta imekauka. Ukiona hezi 50, shuku daiodi iliyokatika.

Laini iliyo sifuri ndiyo inayowachosha mafundi, na mara nyingi pawa saplai haina hatia. Zima, pima omu kati ya laini hiyo na ardhi ya kifaa. Ukipata omu moja au mbili, yaelekea kapasita ya tantalamu imeshoti kwenye bodi fulani ya mbali. Usianze kuzing'oa moja moja. Kifaa kikiwa kimechomolewa, chukua pawa saplai ya mezani, iweke chini ya nusu volti ili transista zisiamke, zuia mkondo usizidi nusu ampia, uiunganishe kwenye laini hiyo. Ncha hasi ya multimita iache kwenye ardhi pale mkondo unapoingilia. Ncha chanya itembeze juu ya njia ya shaba. Milivolti zitashuka kadiri unavyokaribia shoti. Ukiipita, hazishuki tena. Ukiona 38, 31, 24, kisha 24 na 24 tena, rudi pale zilipoacha kushuka: mhalifu yuko hapo. Kazi hii inataka subira tu, na hakuna kipuri kinachong'olewa na kulehemiwa bure.

Tantalamu mpya ya laini ya volti 15 iwe ya volti 35. Jihadhari na mstari: kwenye tantalamu huonyesha upande chanya, kwenye kapasita ya kawaida ya alumini huonyesha hasi.

Kiache kiwake saa nzima kikiwa na kifuniko, ndipo upime tena rejeo. Likiwa ndani ya kiwango cha kitabu, usiguse skrubu yake: ukiigeuza, vipimo vyote vya kifaa vitahitaji kurekebishwa upya.