Cheo Kushoto, Ardhi Kulia: Kufuatilia Ukoo wa Wynn wa Gwydir

Kabla ya yote, gawa ukurasa wa daftari kwa mstari wa wima. Kushoto andika cheo, kulia ardhi. Anayevichanganya hivi viwili hupotea mapema.

Hatua ya 1: Mpate wa kwanza. Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza alianzisha ubaroneti, cheo cha heshima cha kurithiwa, mwaka 1611. Bei yake ilikuwa pauni 1,095, yaani posho ya askari 30 kwa miaka 3 huko Ireland. John Wynn wa Gwydir, jumba na milki jirani na mji wa Llanrwst huko Wales, alikipata cheo hicho mwaka huohuo. Ukirudi nyuma yake utakutana na "ap", ambayo ndiyo "bin" ya Kiwelsh: babu yake ni John Wynn ap Maredudd. Hapo acha kutafuta jina la ukoo, soma kama unavyosoma majina ya Lamu.

Hatua ya 2: Shuka na cheo. Kinapita kwa wanaume tu. Kutoka kwa John kilikwenda kwa mwanawe Richard, kisha Owen nduguye, kisha Richard wa Owen. Huyu alifariki 1674 akaacha binti, Mary. Cheo kikamruka Mary, kikamwangukia John, mtoto wa baba mdogo wa marehemu.

Hatua ya 3: Shuka na ardhi. Gwydir ilibaki kwa Mary. Mwaka 1678 akaolewa na Robert Bertie, na milki ikahamia kwa akina Bertie. John, baroneti asiye na Gwydir, aliishi Watstay, urithi wa mkewe Jane, akaibatiza Wynnstay. Hakuacha mtoto, cheo kikafa naye. Wynnstay ikaenda kwa jamaa yake Watkin Williams, aliyejiongezea "Wynn". Hapa ndipo wengi hunaswa: ubaroneti wa Williams-Wynn ni mwingine kabisa, wa 1688, aliopewa babu wa Watkin.

Hatua ya 4: Kagua tarehe. Kabla ya 1752 mwaka wa Uingereza na Wales ulianza 25 Machi. John wa Wynnstay alifariki Januari. Karatasi za wakati ule zinasema 1718, sisi tunasema 1719. Andika 1718/19.

Hatua ya 5: Fungua wosia. Za Wales za kabla ya 1858 ziko Maktaba ya Taifa, Aberystwyth, nyingi mtandaoni bure. Za matajiri tafuta pia katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Kew, London.

Fuata hata mbao. Zile za kupamba kuta za ukumbi wa kulia chakula wa Gwydir zilinunuliwa 1921 na William Randolph Hearst, tajiri wa magazeti wa Marekani, zikavuka bahari hadi New York, zikarudi nyumbani 1996.