Neno "ja" lilinila euro 434: kwa mnaopanga kutoka usiku Hamburg

Binamu yangu alitua Hamburg mwezi wa tisa. Hata hatujafika kwenye ngazi za treni, baba yake bado yuko hewani kwenye WhatsApp anauliza kama mtoto kafika salama, yeye ananinong'oneza: "Kaka, huo mtaa wa Reeperbahn uko mbali?"

Si mbali. Huo ndio mtaa wa baa na starehe za usiku hapa Hamburg. Treni ya S1 inatoka hapo hapo uwanja wa ndege na inasimama Reeperbahn bila kubadilisha. Ukirudi ndiyo uangalie: ikifika Ohlsdorf inakatwa, mabehewa mengine yanaenda uwanjani na mengine yanaenda Poppenbüttel, kwa hiyo soma kibao kilichoandikwa "Flughafen" kabla hujakaa. Usiku wa Ijumaa na Jumamosi treni za mjini hazilali. Tiketi inakatwa kabla ya kupanda. Hakuna kondakta wa kukugongea sarafu dirishani. Anayekuja ni mtu amevaa jinzi kama wewe, anatoa kitambulisho na kusema "Die Fahrscheine, bitte", tiketi tafadhali. Kama huna, ni euro 60 papo hapo, na "mimi mgeni" haisaidii. Ukiwa na Deutschlandticket, ile ya mwezi iliyoanza kwa euro 49 mwaka 2023 na sasa ni 63, beba na kitambulisho, maana ina jina lako. Basi, usafiri ni huo. Usafiri haujamuua mtu.

Kinachoua ni mdomo.

Mwaka wangu wa kwanza hapa, Kijerumani changu kilikuwa cha darasa la jioni, kile cha "Ich heiße" na "Ich komme aus Tansania". Jumamosi moja nikaenda Reeperbahn peke yangu. Nje ya zile baa kuna wapiga debe. Wenyewe wanawaita Koberer. Ni wapiga debe wa Manzese kabisa, ila wana koti refu. Mmoja akanishika bega: kiingilio bure, bia euro 7, onyesho linaanza sasa hivi. Nikaona euro 7 ni ghali kidogo lakini si kilio. Nikaingia.

Ndani kuna giza na taa nyekundu, meza ndogo, watu wachache. Sijamaliza hata nusu ya bia, dada mmoja akakaa pembeni yangu. Mpole, anacheka, anauliza natoka wapi, anajifanya anaijua Zanzibar. Kisha akasema sentensi ambayo nataka uikariri kuliko jina lako: "Lädst du mich ein?"

Mimi darasani nilifundishwa kwamba "einladen" ni kualika. Nikadhani ananiuliza kama namkaribisha kukaa. Nani mswahili atakayemwambia mgeni asikae? Nikajibu "Ja, gerne!", yaani ndiyo, kwa furaha, na tabasamu la Tanga nzima. Kumbe "einladen" mbele ya glasi maana yake ni kwamba unalipa wewe. Sio karibu kiti, ni karibu mfuko wangu.

Ikaja chupa ndogo ya Piccolo, mvinyo wa mapovu, ule ambao dukani unaununua kwa chenji. Kwa kujitutumua nikauliza bei: "Wie viel?" Akajibu. Nikasikia "sechzehn", kumi na sita. Alisema "sechzig". Sitini.

Rudi usome hapo tena. "Sechzehn" ni 16, "sechzig" ni 60. "Siebzehn" ni 17, "siebzig" ni 70. Kwenye muziki wa sauti kubwa, masikio ya mtu mwenye miezi minne ya Kijerumani hayatofautishi. Na wala hakunidanganya. Aliniambia ukweli mtupu, mimi ndiye sikuusikia.

Akanywa Piccolo tatu. Kisha akasema tunywe chupa kamili, "noch eine Flasche?", na mimi tena "ja". Sikuuliza bei. Bili ilipokuja kwenye kisahani, imefunikwa vizuri kama zawadi, ilikuwa hivi: bia mbili 14, Piccolo tatu 180, chupa moja 240. Jumla euro 434. Nikamtazama dada, dada anatazama kucha zake. Nikatazama mlangoni, mabaunsa wawili wamesimama ambao mwanzo sikuwaona. Nikasema bei hii sijawahi kuiona. Mhudumu akafungua kitabu cha vinywaji, ukurasa wa nyuma, akaweka kidole: bei zote zimeandikwa, moja baada ya nyingine, kwa herufi za ukubwa wa chungu.

Nikaweka kadi, nikabonyeza namba ya siri. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko Piccolo zote. Jumatatu nilipokwenda benki kulalamika, nikaulizwa swali moja: namba ya siri uliweka mwenyewe? Nikasema ndiyo. Mazungumzo yakaishia hapo.

Kuna jambo la kuwaelewa hawa watu. Kwetu tapeli anakimbia. Hapa hakimbii, anakuandikia bei na kukupa risiti. Sheria yao inadai baa iwe na orodha ya bei, na iwepo hata mlangoni, kwa hiyo ukiingia bila kuisoma wanakuona umekubali. Na kukubali kwa mdomo ni mkataba. Kwetu "ndiyo" ni adabu. Mtu anasema ndiyo ili asimvunje mwenzake moyo, kisha mambo yanajadiliwa baadaye. Mjerumani akisikia "ja" anaanza kuandika. Nimekaa nao miaka tisa sasa na hili ndilo ninaloliheshimu na ndilo linalonichosha.

Kwa hiyo, kabla hujakaa kitini, kabla hujavua koti: "Haben Sie eine Getränkekarte?" Lete orodha ya vinywaji. Igeuze, soma na nyuma. Ukitajiwa bei mdomoni: "Können Sie das aufschreiben?" Niandikie. Kalamu haina lafudhi. Mtu akiuliza "Lädst du mich ein?", jibu ni "Nein, danke". Usiongeze maelezo, usicheke, usiseme "labda baadaye". Akikasirika, akasirike. Kila kinywaji kikija lipa hapo hapo: "Ich zahle gleich." Na kadi iache nyumbani. Narudia, kadi iache nyumbani. Beba noti ulizokubali kuzipoteza, na usiende kutoa nyingine kwenye zile mashine za pesa za barabarani pale, makato yake ni wizi wa pili.

Mambo yakiharibika, lipa ulichoagiza na kukijua bei yake, omba "eine Rechnung", bili iliyoandikwa, na useme kwa utulivu: "Ich rufe die Polizei." Naita polisi. Namba ni 110. Hawana haki ya kukufungia ndani. Kituo cha Davidwache kipo mtaani hapo hapo, kona ya Davidstraße. Polisi mwite "Sie", "wewe" ya heshima, kamwe usimwite "du", ile ya marafiki, na usimtukane hata kwa Kiswahili kwa sababu mikono yako inaongea. Kumtukana mtu hapa ni kosa la jinai.

Namba zenyewe zina mtego mwingine. Mjerumani anazisoma kinyumenyume: 34 ni "vierunddreißig", nne na thelathini. Ukiandika kwa haraka unaandika 43. Na saa ndiyo usiseme. "Halb vier" si saa tatu na nusu wala si nusu baada ya saa nne. Ni nusu kuelekea nne, yaani 3:30 ya kwao, na sisi tukiihesabu kwa saa zetu inakuwa saa tisa na nusu usiku. Ubongo unafanya hesabu mara mbili huku umekunywa. Binamu yangu alipanga kukutana nami "halb zwei", nikamsubiri kwenye baridi saa nzima.

Mhudumu akikuuliza "Karte oder bar?" anauliza kadi au taslimu. "Bar" ni taslimu. Binamu alinyanyuka na glasi yake akahamia kaunta, akidhani anaambiwa akakae baa.

Kwenye disko za kawaida mtego ni kadi ya matumizi, "Verzehrkarte". Unapewa mlangoni, inagongwa muhuri kila ukinywa, unalipa ukitoka. Ukiipoteza unalipa kiwango cha juu, kama vile ulikunywa duka zima. Iweke kwenye soksi ikibidi. Neno "Mindestverzehr" ukiliona ukutani, ujue lazima utumie kiasi fulani hata ukinywa maji.

Mlangoni pia mjiandae. Utasimama foleni dakika arobaini, mbele yako wanapita vijana wa kizungu waliolewa tayari, wewe umepiga pasi shati, na baunsa anakwambia "Heute nur Stammgäste", leo wateja wa kudumu tu. Wateja wa kudumu wa mahali palipofunguliwa wiki iliyopita. Kuna sheria ya 2006 inayokataza kubaguliwa kwa rangi, na wapo waliodai wakalipwa fidia. Wengi wetu tunaondoka tukale kababu. Sikulaumu ukiondoka, lakini usigombane na baunsa usiku. Andika saa, andika mahali, tafuta shahidi.

Sasa lile ambalo binamu alikuwa analizungukazunguka. Ndiyo, biashara ya ngono hapa ni halali na ina sheria zake za 2002 na za 2017. Kondomu ni lazima kisheria, na faini kwa mteja inaweza kufika euro 50,000, kwa hiyo anayekushawishi vinginevyo anakuponza mara mbili. Mtaa wa Herbertstraße una mageti ya chuma kila upande, na vibao vinakataza walio chini ya miaka 18 na wanawake. Simu yako ibaki mfukoni, picha usithubutu. Yale yale ya Piccolo yanahusika na huku: kinachojadiliwa kabla ndicho kilichopo, usichokiuliza kitaongezwa. Na fungua macho. Si kila aliye pale amekuja kwa hiari yake, na tangu 2016 mteja anayejua kuwa mwanamke amelazimishwa na bado akaendelea anashtakiwa.

Hapa nawageukia nyie wa nyumbani, kwa upendo. Mama mdogo akipigiwa simu kwamba kuna "kazi ya hoteli Ujerumani", nauli inalipwa, viza ya matembezi inatosha, utadaiwa baadaye taratibu: hiyo si kazi. Viza ya matembezi hairuhusu kazi, na deni ndilo kamba. Mnajua kumhoji mposaji ukoo wake mpaka babu wa tatu, lakini wakala wa kazi mnampikia pilau. Binti aliyeshakwama huku anaweza kupiga 116 016 bure, usiku na mchana, bila kutaja jina.

Kitu kingine kiliwahi kumfedhehesha jamaa yangu mmoja wa Nairobi: FKK. Kirefu chake ni "Freikörperkultur", utamaduni wa kukaa uchi, na ni wa heshima kabisa. Ukienda ziwani ukaona babu na bibi hawana nguo wanakula saladi, hao ni majirani zako, salimia upite. Lakini "FKK-Club" ni biashara nyingine, ile ya ngono. "Sauna" ni mahali pa kutoa jasho, wake kwa waume, uchi, umekalia taulo lako, na ukivaa kaptula ndiyo wewe unaonekana mchafu. "Saunaclub" sio hiyo, ni ndugu wa "FKK-Club". Jamaa alimwalika bosi wake wa kike "Saunaclub" akidhani anazungumzia mazoezi. Alihamia kampuni nyingine.

Lugha zetu zilishakutana zamani. Shule tuliitoa kwa "Schule", na hela ni ile "Heller" waliyoileta kwenye rupia yao ya Afrika Mashariki mwaka 1904. Jina walituachia, hela zenyewe naona wanaendelea kuzikusanya Reeperbahn.

Binamu nilimpeleka mwenyewe hatimaye, mfukoni ana euro 80 na hana kadi. Aliulizwa "Lädst du mich ein?" mara mbili na akajibu vizuri mara zote mbili, mpaka nikajisikia mwalimu. Alfajiri tukashuka Fischmarkt, soko la samaki la Jumapili pale bandarini, linafungwa "halb zehn", yaani saa tatu na nusu yetu. Akaagiza mkate wa samaki wa euro 5 na senti 50, akatoa noti ya 20, na kwa adabu aliyolelewa nayo akasema "Danke!" huku anainyoosha.

Nilisahau kumwambia kwamba hapa ukisema "danke" wakati unatoa pesa, maana yake ni kaa na chenji.