Kabla hujanunua betri ya tatu: kutafuta ubovu kwenye Land Cruiser yenye betri mbili

Mwezi wa saba, msimu wa wageni ukiwa umechanganya, dereva mmoja aliniletea Land Cruiser yake ya 1HZ, injini ya dizeli ya Toyota, hapa gereji, Arusha. Kila akilala Seronera, ndani ya Serengeti, friji ya nyuma inazima usiku wa manane. "Fundi, betri za siku hizi feki tupu. Hii nimenunua mwezi wa tatu, na kabla yake nilinunua nyingine." Nikaipima. Betri ilikuwa nzima. Kilichokuwa kinammalizia hela ni nati moja iliyokazwa juu ya rangi.

Njia niliyoifikia nati ile ndiyo hii hapa, na inafaa kwa gari lolote la porini lenye betri mbili. Uwe na multimita ya kawaida yenye kipimo cha ampea 10, spana namba 10, 12 na 13, msasa na brashi ya waya. Vua saa na pete. Pete ikishika chanya na bodi kwa mpigo inageuka kaa la moto kidoleni.

Hatua ya 1: Jua gari lako limefungwaje

Betri mbili chini ya boneti si lazima moja iwe ya akiba. Land Cruiser za dizeli zinazokuja zimetumika kutoka Japani hazifanani. Kuna za volti 24, ambapo betri mbili zimeungwa mfululizo. Kuna zinazotumia 12 kwa kila kitu isipokuwa stata, ambayo ni ya 24, na rilei maalumu (swichi inayoendeshwa na umeme) inazipanga betri mfululizo kwa zile sekunde za kuwasha tu. Na kuna zenye betri mbili sambamba, zote kwa ajili ya stata.

Gari likiwa limezimwa, shika bodi kwa waya mweusi wa mita, kisha gusa chanya ya kila betri kwa waya mwekundu. Moja ikisoma 12 na ushee na nyingine 25, mfumo wako ni wa 24. Zote zikisoma 12, inama usome kibao cha stata kabla hujaamua.

Kwenye gari za 24 kuna dhambi moja naikuta kila mara: redio au chaja ya simu imechotewa umeme kwenye betri moja ili ipate 12. Ile betri inatumika peke yake lakini inachajiwa pamoja na mwenzake. Moja haijai hata siku moja, nyingine inachemka na kukauka maji. Mwisho unazika zote mbili. Weka konveta ya kushusha 24 kuwa 12, yaishe.

Kuanzia hapa nazungumzia mfumo wa 12: betri kuu mbele kwa ajili ya stata, ya pili nyuma kwa friji, taa na inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani).

Hatua ya 2: Pima asubuhi, kabla ya kuwasha

Betri ya asidi ya volti 12 iliyopumzika usiku kucha, bila mzigo, inasoma hivi: 12.7 imejaa, 12.4 robo imeondoka, 12.2 iko nusu, 12.0 imebaki robo. Ukikuta chini ya hapo, usiihukumu bado. Ichaji kwa chaja ya ukutani mpaka ijae, ilaze usiku mmoja imechomolewa, kisha pima tena. Ikirudi 12.6 au zaidi, ibebeshe mzigo wa ampea kumi hivi. Ikidondoka chini ya 12 ndani ya dakika chache, hapo kweli imekufa. Betri ya dereva wangu ilikaa 12.5 nusu saa nzima, naye akaanza kuniangalia vibaya.

Hatua ya 3: Washa injini

Panda mpaka mizunguko 1,500 hivi kwa dakika, upime sehemu tatu: kwenye nati kubwa ya alteneta, kwenye betri kuu, na kwenye betri ya pili. Unatafuta kati ya 13.8 na 14.4. Alteneta ikiwa chini ya hapo, angalia mkanda kwanza, halafu alteneta yenyewe. Ikizidi 14.8, regyuleta (kidhibiti volti cha alteneta) imekwisha na inakupikia betri.

(Ukilazimika kuitoa alteneta ya 1HZ, kumbuka imebeba mgongoni pampu ya vakyumu ya breki, na mabomba ya oili. Ukiirudisha kihovyo unarudi barabarani bila nguvu ya breki.)

Kwenye gari letu alteneta ilisoma 14.2, betri kuu 14.1, ya pili 12.8. Umeme unatengenezwa vizuri, ila unapotelea njiani.

Hatua ya 4: Fuata volti zilizopotea

Hapa ndipo mafundi wengi wanaruka, wakachomoa waya, wakapima kama "una umeme", wakakuta 12, wakasema waya mzima. Waya uliobakiwa na uzi mmoja utakuonyesha 12 vilevile kama hakuna kinachopita ndani yake. Lazima upime huku umeme unatembea.

Kwa hiyo acha injini ikinguruma, betri ya pili isiwe imejaa, friji na taa za nyuma ziwe zimewashwa. Mita ikae kwenye volti za DC. Ncha moja iguse chanya ya betri kuu, nyingine chanya ya betri ya pili. Gusa kichwa chenyewe cha betri, si tamino, yaani kibano cha waya kinachokivaa. Namba unayoiona ni volti zinazoliwa na upande wa chanya wote: waya, fyuzi, rilei na maungio. Mpaka 0.3 sina ugomvi nayo. Halafu fanya vivyo hivyo hasi kwa hasi. Hapo ikizidi 0.2, una kazi.

Nilimpa dereva ashike mita mwenyewe. Chanya kwa chanya: 0.2. Hasi kwa hasi: 1.1.

Sasa unakata njia vipandevipande. Ncha moja ibaki kwenye hasi ya betri ya pili, nyingine itembee: kwenye lagi (kichwa cha bati mwishoni mwa waya) ya ethi, yaani waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi, kwenye boliti yake, kwenye bodi pembeni, kwenye chasi, kwenye injini. Namba itakaporuka ghafla, ubovu uko kati ya hapo na mguso uliopita. Yetu iliruka kutoka lagi kwenda bodi. Aliyefunga alitoboa sakafu na kukaza boliti juu ya rangi, wala hakuparua.

Hata angeparua, bodi ya Land Cruiser imekalia mipira, na umeme unavuka kwenda chasi kwa vipande vyembamba vya ethi ambavyo kutu inavila. Mimi huvuta waya wa hasi wenye unene uleule wa chanya kutoka nyuma hadi betri kuu.

Unene nao ni hesabu. Waya wa milimita za mraba 6, urefu wa mita 5, ukipitisha ampea 30 unakula volti 0.43 kwa kwenda tu. Wa 16 unakula 0.16. Ndiyo maana siweki chini ya 16, na kukiwa na inveta naweka 25 au zaidi.

Hatua ya 5: Rilei ya kuunganisha

Hii ndiyo inayounga betri mbili injini ikiwaka na kuzitenganisha ikizimwa. Kama betri ya pili haipandi hata kidogo injini ikiwaka, ubovu upo hapa au kwenye fyuzi. Pima kati ya nati mbili kubwa za rilei, mzigo ukiwepo: isizidi 0.1. Ikionyesha 0.5, vigusio vimeungua. Kisha zima injini, acha friji ikifanya kazi, upime tena baada ya muda. Ikibaki sifuri, rilei imeng'ang'ania. Friji itakunywa betri zote mbili, na asubuhi wageni watasukuma gari.

Rilei inayojiendesha kwa volti huunga kwenye 13.3 hivi na kuachia karibu na 12.8. Ikipiga tik-tik bila kutulia, mara nyingi waya ni mwembamba au ethi yake yenyewe ni mbovu. Ukifunga betri ya lithiamu hii haikufai: lithiamu ikipumzika hukaa juu ya 13, kwa hiyo rilei haiachii, na ikiwa tupu inavuta mpaka alteneta inachemka. Hiyo inataka chaja ya kutoka betri kwenda betri.

Hatua ya 6: Mwizi wa usiku

Zima kila kitu, toa ufunguo, chomoa hasi ya betri kuu, unganisha mita mfululizo, kati ya hasi ya betri na waya uliouchomoa, kwenye kipimo cha ampea 10. Usijaribu kupiga stata hapo, utaunguza mita. Subiri nusu saa. Chini ya ampea 0.05 ni kawaida. Ikiwa 0.3, siku tatu za kupaki zinakula zaidi ya ampea-saa 21. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Rudia kwa betri ya pili.

Kabla ya kufunga boneti

Waya mrefu wa chanya unataka fyuzi mbili, kila moja karibu na betri yake, kwa sababu ukipiga shoti katikati unalishwa moto kutoka pande zote. Panapopita kwenye tundu la bati, weka mpira.

Na barabara ya Ngorongoro kwenda Naabi, geti la Serengeti, ile iliyojikunja kama bati la migongo, inalegeza kila ulichokaza. Piga alama ya rangi kutoka kwenye nati hadi kitako chake. Ukirudi safari ya kwanza, fungua boneti utazame: alama zikiachana, hiyo nati imetembea.