Kiti cha mgeni kikae konani mwa meza

Wewe unayesimamia watu ofisini, toa kile kiti kilicho ng'ambo ya meza yako, ukiweke kwenye kona, ili wewe na anayekuja kukuona muisome karatasi moja bila kuigeuza. Nimeona matokeo yake katika ofisi moja hapa Kisumu: karani aliyezoea kusema "sawa mkubwa" na kutoka, sasa anaketi, anachukua kalamu na kuonyesha safu ambayo hesabu haikulingana. Meza pana ikiwa kati, mtu hujiona ameitwa kuhojiwa, tena analazimika kukutazama usoni muda wote, na vijana wetu wengi wamelelewa kuona hilo ni kukosa adabu mbele ya mkubwa. Akiwa konani, macho yana pa kupumzika, na maneno hutoka. Mwanasaikolojia Robert Sommer aliliona jambo hili Kanada miaka ya 1950: waliokaa konani mwa meza walizungumza zaidi kuliko waliokaa mkabala.

Skrini yako igeuze kwanza, mishahara ya wenzake isionekane. Kwa kikao cha nidhamu, rudisha kiti mbele. Ukaribu hapo humchanganya mtu. Na kama ofisi ni ya wazi, jirani anasikia kila neno, kona haitasaidia kitu, tafuteni chumba chenye mlango. Angalia pia dirisha la magharibi: jua la saa kumi hapa Kisumu likimpiga mtu machoni, atataka kuondoka tu.