Jinsi ya Kusimamia Mafunzo ya Ufundi na Utengamao kwa Watu Wenye Ulemavu: Hatua Tunazofuata Tabora

Mwongozo huu ni wa maafisa ustawi wa jamii na waratibu waliokabidhiwa kusimamia mafunzo ya ufundi na utengamao (huduma za kumsaidia mtu arudi kwenye kazi na kujitegemea) kwa watu wenye ulemavu. Ripoti zetu nyingi huhesabu waliodahiliwa na waliopewa vyeti. Nawaomba wenzangu wahesabu pia walio kazini mwaka mmoja baada ya cheti, kwa sababu hatua zote zilizo hapa chini zinalenga huko.

Hatua ya 1: Orodhesha milango iliyopo

Tabora tuna chuo cha VETA (Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi), na tuna Luanzari, mojawapo ya vyuo vya serikali vya watu wenye ulemavu, pamoja na Yombo cha Dar es Salaam na Sabasaba cha Singida. Ongeza mafundi wa mtaani wanaopokea wanagenzi, yaani wanaojifunza kazi kwa fundi. Aliyeumia akiwa kazini mwelekeze kwanza Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), maana utengamao ni sehemu ya mafao yake kisheria. Wengi hawalijui hili na hukimbilia kuomba msaada.

Hatua ya 2: Mhoji mtu kabla ya kumchagulia fani

Usiipokee fomu iliyojazwa "asiyeona: ufumaji" au "kiziwi: ushonaji". Irudishe. Hapo fani imechaguliwa kwa kuangalia ulemavu, na mtu mwenyewe hajaulizwa. Muulize alikuwa akifanya nini, nyumbani kwao wanaishi kwa kazi gani, na mtaani kwake watu wananunua nini. Kijana aliyekulia Sikonge kwenye mizinga ya nyuki anaweza kufika mbali kwa kuchakata na kufungasha asali. Wa Kibirizi, Kigoma, anayejua injini za mitumbwi apelekwe umakanika hata kama mguu mmoja hauna nguvu.

Kama ni kiziwi, tafuta mkalimani wa lugha ya alama. CHAVITA (Chama cha Viziwi Tanzania) watakusaidia kumpata. Mama au kaka mtu asimjibie. Nimeona mara nyingi ndugu wakimtakia mema kabisa huku wakimchagulia kazi asiyoitaka, na mafunzo yakakatika njiani.

Hatua ya 3: Kagua karakana kabla ya siku ya kuripoti

Nenda mwenyewe, na kama inawezekana nenda na mwanafunzi. Je, kiti cha magurudumu kinapita mlangoni na chooni? Meza ina kimo gani? Asiye na nguvu miguuni anahitaji cherehani ya mkono au ya mota. Mwenye ualbino akae kivulini, apate mafuta ya kukinga jua, na asogezewe kazi karibu na macho. Kiziwi anayechomelea apangiwe mwenza wa kumpa ishara ya hatari. Mengi ya haya fundi seremala wa hapohapo chuoni anaweza kuyatengeneza.

Hatua ya 4: Simamia maafisa wako kupitia majalada

Kila wiki chukua majalada machache bila kuyachagua. Soma, kisha muulize afisa mhusika: nani alimtembelea mtu huyu, lini, na alimkuta akifanya nini? Jalada lenye "anaendelea vizuri" halijakuambia kitu. Linalosema "ameshona sare, kitambaa kimemwishia, anasubiri mteja amlipe" linakupa cha kufanya kesho. Andika tarehe ya ziara inayofuata na jina la atakayekwenda. Habari za afya zifungiwe kabatini. Zisisomwe kwenye kikao cha mtaa.

Mwenye majalada mengi kuliko uwezo wake mpunguzie. Ukimgombeza tu, ataanza kuandika ziara ambazo hakwenda.

Hatua ya 5: Tafuta mtaji na mwajiri mafunzo yakiwa bado yanaendelea

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Usajili wa kikundi, katiba na akaunti ya benki huchukua muda, kwa hiyo vianze mwanafunzi akiwa darasani. Ukisubiri mahafali, mkono utapoa na vifaa vitauzwa.

Kwa waajiri, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Ijue, lakini usianze nayo mlangoni. Omba kwanza kuiona kazi inavyofanyika, kisha rudi na mtu anayeiweza na maelezo ya marekebisho machache anayohitaji.

Hatua ya 6: Fuatilia mwaka mzima

Tembelea mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili, mahali pa kazi na si kwa simu pekee. Ukikuta ameacha, usifunge jalada. Uliza kama ni kifaa, soko, ugonjwa, nauli au mwajiri, andika sababu kwa maneno yake, kisha rudi kwenye hatua inayohusika. Kama sababu ni fani yenyewe, anza naye mahojiano upya.